Dada Naomi, Zefania Hakuoa

Dada Naomi,

Zefania hakuoa. Nakuanzia na hilo, mengine yatafuata. Alikwenda Mgori na mshenga wake na makreti ya soda, amevaa ile suti ya mtumba ya kahawia uliyokuwa ukimpigia pasi kila Jumapili, akarudi Shelui na makreti yake yote. Niliyemrudisha ni mimi, mdogo wako Perisi. Furaha hiyo nimekaa nayo muda mrefu bila mtu wa kumsimulia vizuri. Mume wangu Yona anasema nimezidi. Mchungaji anasema niombe. Baba ananyamaza tu. Umebaki wewe.

Nataka nianze tangu mwanzo, maana hapa Misigiri watu wameshaanza kusimulia vingine. Juzi kisimani nimesikia mwanamke anasema ulikufa kwa mimba. Nikatua ndoo yangu chini nikamwambia arudie. Hakurudia.

Unakumbuka Mama alivyoondoka. Sisi tulikuwa wasichana, tukamwona anakonda mikono na uso huku tumbo linapanda, wa kusema amelogwa wakasema, na wa kutuchanja chale wakatuchanja. Baadaye Mama mkubwa Ruthi naye, tumbo lile lile, mikono ile ile. Hakuna aliyewahi kutuuliza habari za vifo hivyo viwili kwa pamoja mpaka siku nilipokusindikiza hospitali ya misheni, baada ya wewe kumzaa wa sita na kutokwa damu mpaka midomo ikawa myeupe.

Yule daktari mwanamke alikuuliza, "Umezaa vya kutosha?" Ukamjibu, "Daktari, nimezaa mpaka nimesahau kulala." Alicheka. Lakini ulipomweleza habari za Mama na Mama mkubwa aliacha kucheka, akasogeza kiti chake karibu na kitanda.

Alitueleza polepole, na mimi nilikuwepo, kwa hiyo mtu asije kuniambia hatukuelewa. Alisema inawezekana ni kansa ya vifuko vya mayai, na inawezekana inatembea katika ukoo wetu. Alisema ukifunga kizazi utapumzika kuzaa, na tena madaktari wameona kwamba wanawake waliofungwa mirija hawaipati sana kansa ile kama wengine. Ipo na njia ya pili, kutoa vifuko vyenyewe, na hiyo inapunguza hatari zaidi, ila hedhi inakatika hapo hapo, joto linakushika, na mifupa inadhoofika mapema. Akamalizia kwa kusema, "Hakuna inayoondoa hatari yote. Sitakuahidi kitu nisichokiweza. Uamuzi ni wako."

Nilikutazama. Sidhani kama kabla ya siku ile kuna mtu aliyewahi kukuambia maneno hayo, uamuzi ni wako. Uliolewa kabla hujamaliza kuota meno ya mwisho. Ukasema, "Nifunge. Ile nyingine nitaifikiria nikikaribia kukoma." Ulisema kama mtu anayechagua kitenge dukani, umetulia kabisa.

Na Zefania ulimwambia. Hilo nalikazia, kwa sababu yeye anawaambia watu kwamba ulimficha. Ulimwambia mbele yangu, kwenye ukumbi wa nyumba yenu pale Shelui, mashine yake mpya ya kukamua alizeti ikinguruma uani. Akasema, "Tutaona." Ulipomuuliza mara ya pili akasema tena, "Tutaona," akaenda kupokea magunia. Ukasubiri. Kisha ukachukua kanga zako na sufuria ukaenda misheni, nami nikaja kukuuguza.

Ulikuwa umeshalala kitandani na gauni la hospitali, umeshaambiwa usile, mimi niko nyuma jikoni kwa wauguzaji nakoroga uji wa mgonjwa mwingine asiye na ndugu, niliposikia sauti yake. Nilikimbia na mwiko mkononi. Alikuwa amekuja na mama yake na mzee mmoja wa kanisa, na wodi nzima ya kina mama imekaa kitako kumtazama.

"Mke wangu si ng'ombe wa kuhasiwa!" Ndivyo alivyosema. Mbele ya wanawake wenye mishono, mbele ya mtoto wa mtu aliyezaliwa asubuhi ile. Daktari akaja, akamwomba watoke nje wazungumze kwa utulivu. Akamjibu, "Wewe umezaa wangapi?" Daktari akasema, "Swali siyo mimi nimezaa wangapi. Mkeo ni mtu mzima, na neno lake linatosha." Hapo ndipo akakugeukia wewe, akashusha sauti, na sauti ile ya chini ndiyo inayonirudia mpaka leo. Alisema, "Shelui yote ni madereva wa malori. Ukishafungwa, nitajuaje unalala na nani? Sasa sikiliza. Wakikupasua usirudi kwangu. Na watoto hutawaona."

Mama mkwe wako alikuwa amekunja mikono kifuani. Yule mzee wa kanisa alikuwa anatazama dirishani, kana kwamba kuna kitu cha maana sana uani.

Uliteremka kitandani. Ukavua gauni la hospitali chini ya kanga, ukalikunja vizuri, ukalilaza juu ya mto. Kisha ukaniambia, "Perisi, fungasha sufuria." Basi. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule mwanaume dakika ile, na sikujua bado kwamba ni mwanzo tu.

Ukazaa wa saba, Tumaini, na damu zikakutoka tena. Na baada ya hapo, Tumaini ameshaanza kukimbiakimbia, ukaanza kuniambia kwamba unakula tonge mbili za ugali unashiba. Kwamba kanga haikufiki kiunoni. Mimi nilifurahi, nikadhani unanenepa. Zefania yeye alifurahi kuliko mimi. Alikaa pale kwenye mashine yake akawaambia wateja, "Mnaona? Injini bado inafanya kazi!" Wanaume wakampiga mabegani. Alikuwa amepaka rangi duka, ameweka redio kubwa mlangoni, kila mtu enzi zile za ruksa alikuwa anafungua biashara na yeye alijiona bwana wa barabara nzima, na tumbo lako likawa sehemu ya mali yake ya kuonyesha.

Wewe ulinivuta nyuma ya jiko, ukauweka mkono wangu tumboni mwako. Ukaniambia, "Mimba naijua, Perisi. Nimebeba saba. Hii haichezi."

Nilimwambia siku ile ile. Nilimwambia, "Shemeji, mpeleke dada misheni." Akasema mwanamke mjamzito ana mambo mengi. Tulipokwenda sisi wenyewe, daktari alikugusa tu akanitazama mimi, na sikuhitaji maneno. Akasema upelekwe Dar es Salaam, kwenye hospitali ya kansa, haraka. Zefania akasema, "Alizeti ziishe kwanza." Dada, alisema hivyo. Watu wamefika na mikokoteni kutoka vijiji vyote, hawezi kuacha mashine. Alizeti zilipokwisha ulikuwa huwezi kukaa bila kuegemezwa.

Huko Dar walitoa maji tumboni, wakakupa dawa iliyokunyonyoa nywele, wakasema wangekupata mapema wangejaribu zaidi. Naye akakurudisha. Hakukurudisha Shelui. Alikushusha hapa Misigiri kwa Baba kutoka kwenye lori, umelazwa juu ya magunia ya mashudu, mashudu yale ya kulisha ng'ombe. Akasema, "Nimewarudishia mtu wenu, mumwuguze." Hakuzima hata injini.

Ya siku zako za mwisho unayajua. Nitasema moja tu, kwamba mchana ule uliniomba nikuletee mlenda, ukaonja, ukasema umezidi chumvi. Nikaenda kuupunguza chumvi. Niliporudi ulikuwa umeshaondoka. Mlenda ule niliumwaga, na muda mrefu sana sikupika mwingine.

Kwenye msiba Zefania alisimama akasema ugonjwa huu umetoka kwetu. "Ukoo huu damu yao imeoza, mimi nilioa bila kujua." Baba alikuwa amekaa pale pale. Kisha akawapakia watoto wote kwenye lori wakiwa hawajamaliza kulia. Ndipo nilipoapa kwamba hataoa mwingine. Sikuapa kwa Mungu, niliogopa atanikatalia. Niliapa kwako.

Sasa nikueleze Mgori.

Aliyeniletea habari ni binti yako Anna. Aliniambia baba yake amepata mchumba, msichana anaitwa Elizabeti, anauza vitunguu mnadani, na kwamba amekwenda kujitambulisha kama mjane mwenye huzuni ambaye mkewe alifariki kwa mimba. Nilipanda basi mpaka Singida mjini, nikapanda pikapu ya wafanyabiashara wa vitunguu mpaka Mgori, nikaulizia nyumba. Mama yake Elizabeti alikuwa anapepeta uwele. Nikamwambia shikamoo, nikamwambia mimi ni nani, nikamwambia yote niliyokuandikia hapa. Hakuacha kupepeta. Nilipofika kwenye ng'ombe wa kuhasiwa aliuweka ungo chini. Akawaita dada zake, wakazungumza Kinyaturu nisichokielewa, kwa muda, huku wananitazama. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili: "Anakuja kesho. Baki. Uyaseme mbele yake."

Nikalala kwao. Kesho yake wazee wakakaa, mshenga akaingia, soda zikashushwa, na Zefania akaingia akitabasamu mpaka aliponiona nimekaa kwenye mkeka na kina mama wa nyumba. Ungemwona, Dada. Lile tabasamu halikujua liende wapi.

Mimi nilijiandaa kusema. Nilikuwa nimekaa na maneno yangu yamepangwa. Lakini aliyesema ni Elizabeti mwenyewe. Walipomwita aseme kama amemkubali mgeni, akapiga magoti kwa heshima, akawasalimu wazee wote, kisha akasema, "Nina swali moja kwake. Mke wako wa kwanza, ulimtoa kitandani hospitali. Ilikuwa kwa sababu gani?"

Zefania akasafisha koo. Akasema, "Yale mambo yalikuwa ya kumlinda."

"Kumlinda na nani?"

Akamtazama mshenga. Mshenga akatazama soda.

"Na mimi nikiumwa," Elizabeti akasema, bado amepiga magoti, sauti haijapanda hata kidogo, "nitakuwa nasubiri alizeti ziishe?"

Baba yake akainuka. Hakugombana, hakumtukana. Alisema tu kwamba binti bado ana swali, na swali lisipojibiwa nyumba haiwezi kujengwa, akawaita vijana wa nyumba warudishe makreti kwenye gari. Nilikaa nikawasikiliza wanavyoyapakia, chupa zinagongana, kreti moja baada ya jingine. Nilikula ugali wa watu wale siku ile kama mtu aliyetoka kulima. Mama yake Elizabeti akaniongeza kuku bila kuniuliza.

Habari ilifika Shelui kabla yake. Wanawake wa sokoni wakampa jina, wanamwita Daktari. "Daktari, leo umemtoa nani kitandani?" Hata madereva wa malori, wale wale aliokuwa anawaogopa, wanapiga honi wakipita dukani kwake wanaita, "Daktari!" Amejaribu kuposa tena, kule Nzega, na huko nako swali limemtangulia. Na mafuta ya kula ya madumu kutoka nje yamejaa maduka yote, rahisi kuliko yake, mashine haingurumi tena, ameiuza kama vyuma. Hilo siyo kazi yangu. Lakini nililifurahia kana kwamba ni yangu.

Na mimi nilikwenda misheni. Nilikwenda kwa hasira, Dada, sikufichi. Nilimwambia daktari yule yule, "Toa vyote." Akaniuliza, "Unataka kwa ajili yako au kwa ajili ya shemeji yako?" Nikakasirika. Akanirudisha nyumbani nikafikiri. Yona aliogopa sana kisu, alizunguka nyumba nzima akishika vitu na kuviweka. Mwisho akasema, "Mimi sitaki kubaki kama Baba yenu alivyobaki. Ukitaka, nitakupeleka mwenyewe." Akanipeleka na baiskeli mpaka barabarani, akakaa benchi la nje siku zote nilizolazwa. Kwanza nilifunga tu, kama ulivyotaka wewe. Vifuko nilivitoa baadaye, watoto wangu wamekua, nilipokuwa na uhakika kwamba uamuzi ni wangu kweli. Sasa joto linanishika kanisani katikati ya wimbo, jasho linanitiririka, najipepea na ncha ya kanga, watu wanageuka. Goti la kulia linaniuma asubuhi. Kuna siku najuta kidogo. Nyingi sijuti. Na siku zote mbili ni zangu.

Anna amehamia kwangu, anashona. Amekuwa mrefu kuliko wewe. Nami nilimwandalia mambo yake yote bila kumuuliza. Nilikwenda kwa daktari, nikasema binti huyu ni wa ukoo ule ule, mpangieni siku. Daktari akasema bado mdogo mno, hajazaa, na kwamba kipimo cha kuaminika cha kuukamata ugonjwa huu mapema hakuna, kwa hiyo kitakachofaa ni kumweleza, akue, achague. Sikusikia. Nilirudi nikamwambia Anna ajiandae, hata kuzaa si lazima, alee wadogo zake inatosha. Alikuwa kwenye cherehani. Akaondoa mguu kwenye pedeli akanitazama na macho yako yale.

"Mama mdogo," akasema, "Baba alimtoa Mama kitandani. Wewe usinilaze."

Nilitoka nje nikakaa na kuku. Nililia kwa hasira, nikampigia kelele mbuzi wa jirani. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyemtetea mama yake, mimi ndiye niliyekwenda Mgori. Lakini nilipojaribu kulitengeneza jibu, kila nililolipata lilikuwa na sauti ya Zefania ndani yake. Kumlinda. Kumlinda na nani? Nikarudi ndani nikamwambia, "Basi niambie wewe unataka nini." Anataka kuolewa. Anataka watoto, wawili, labda watatu. Kisha anataka kwenda kwa daktari na mumewe wakae wote wamsikilize, na mchumba huyo Anna ameshamweleza habari za ukoo wetu, zote, kabla hajaleta barua ya posa. Kijana hajakimbia. Naogopa, Dada, lakini nimemwachia.

Ninachokuandikia leo ni hiki. Tuliamua kulijengea kaburi lako, saruji ikafika, fundi akapatikana. Zefania akasikia, akaja na mchungaji. Amekonda. Akasimama hapa uani na kofia mkononi, akamwambia Baba anaomba kununua msalaba, uandikwe jina lake chini ya lako, mke wake mpendwa. Mchungaji akaongea habari za kusamehe. Akanitazama mimi wakati anaongea.

Nikamwambia mchungaji, "Mungu amsamehe, ana muda. Mimi sina." Nikamwambia Zefania, "Ulisema umeturudishia mtu wetu. Basi ni wetu."

Tumaini alitaka baba yake awepo siku ya kusimamisha msalaba. Hakukujua wewe, anamjua yeye, na sitamnyang'anya mtoto mzazi kama alivyotishia kukunyang'anya wewe watoto. Kwa hiyo alikuwepo. Alisimama nyuma na majirani, hakupewa neno la kusema, na alipolia nilimwangalia mpaka akamaliza. Sikumhurumia. Nilidhani nitamhurumia kidogo, nikajipima, sikuona.

Dada yangu, nakuaga. Nakuahidi kwamba siku Anna atakaposema twende misheni, nitambebea sufuria. Asiposema kamwe, nitakaa naye hivyo hivyo, mkono wangu nitauweka mdomoni. Na mtu yeyote akija kumwinua kitandani alipoamua kulala, huyo atanikuta mlangoni. Zefania simsamehi. Ukikutana na Mama mwambie nimekuwa na roho ngumu, ila mwambie na sababu yake.

Msalaba umesimama. Umeandikwa: Naomi binti Kitundu. Halafu majina ya watoto wako saba, kuanzia Anna mpaka Tumaini. Fundi aliniuliza chini pale pamebaki nafasi, aandike nini. Nikamwambia asiandike kitu. Apige lipu, alainishe.

Mdogo wako,
Perisi